Chama Kisicho na Askari

Siku yangu ya kwanza katika kituo kidogo cha redio Braamfontein, Johannesburg, mwaka 2015, Mhariri Mkuu alinipa habari za siasa za Marekani nizitafsiri. Nikasoma mrengo wa kushoto, mrengo wa kulia, basi. Akanisimamisha. "Mzee, wanaotusikiliza ni mafundi cherehani na walinzi. Waambie wanagombania nini."

Tangu hapo nikawa naeleza: wa kushoto wanataka serikali ilipie zaidi matibabu na shule, wa kulia wanataka kodi ndogo na serikali isiwaingilie. Chama cha tatu ni kile kidogo kinachosema hao wawili wametuchosha, nao wakubwa hukilaumu kwamba kinagawanya kura.

Tafsiri niliimudu. Hofu ndiyo iliyonishinda.

Mwaka uliofuata, karibu na uchaguzi wao, Mama Neema, msusi wa Joubert Park, mtu wa Uvira, Kongo, kama mimi, alikuja kituoni mbio. Binti yake aliyepelekwa Marekani kama mkimbizi alikuwa amempigia kumwambia anagawa vipeperushi vya chama cha tatu.

"Baba, hiyo parti ya tatu iko na basoda ngapi?"

Mhariri Mkuu akacheka. Mimi sikucheka. Kwetu, aliyekataa serikali na wapinzani pia alihesabiwa ameingia msituni, na waliomtafuta walianzia kwa mama yake.

"Haina askari hata mmoja," nilimwambia.

"Eish, Baba. Hata ya kwetu ilianzaka na makaratasi."

Siku ya kura alifunga saluni, akajaza maji mabeseni, akanunua unga, hapa hapa Johannesburg. Nikamtania. Kisha nikaenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mishumaa.

Matokeo yalipotoka, chama cha Neema hakikupata kitu, naye hakupokea simu. Mama yake alikaa kando yangu studio. Kwetu bunduki hulia baada ya kushindwa. Niliogopa kumtazama.

Hatimaye simu ikaita. "Mama, nilikuwa kazini."

"Na bakubwa ba parti yako, bamekimbilia wapi?"

"Hawajakimbia, Mama. Wako nyumbani kwao."

Mama Neema akalia mpaka Mhariri Mkuu akatoka nje.

Nilistaafu mwaka 2019. Nyinyi vijana mnaotafsiri leo mnayajua maneno kunizidi. Nawaomba jambo moja: mkitangaza nani ameshindwa, semeni pia kwamba yuko hai. Kuna mama hatapika mpaka alisikie hilo.