Hadi Urambo kwa Ajili ya Nishati ya Muungano

Kaka yangu Damiani alipomkatalia binti yake kwenda kusoma nje, nilifunga safari kutoka Tabora hadi Urambo nikamkabili. Sesilia alikuwa amepata nafasi ya kusomea nishati ya nyuklia, na bila baraka za baba yake asingeondoka, ndivyo alivyo. Alitakiwa kukijibu chuo kabla ya Ijumaa. Mimi shangazi yake, mwalimu wa fizikia mstaafu, nikae nyumbani kwangu mtaa wa Ng'ambo nafuma vitambaa? Thubutu!

Asubuhi ya Jumatano nilipanda basi. Barabara inaelekea kule kule walikokwenda wapagazi wa misafara ya zamani, Ujiji. Wao walitembea kwa miguu na mizigo mabegani, na mimi na kibegi changu nililalamikia mgongo njia nzima. Nilikuwa nimejipanga: nitamwambia umeme anaotaka kuusomea Sesilia uko karibu, miaka mitano tu. Ni uongo, lakini ningeusema.

Saa nne nilimkuta kaka kwenye bani, banda lake la kukaushia tumbaku, anachochea moto, macho mekundu kwa moshi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umetumwa, au umekuja mwenyewe?"

"Vyote viwili. Mtoto amekukosea nini?"

Akasukuma gogo motoni. "Eti nishati ya Muungano! Mambo ya Muungano yana wenyewe, huko Dodoma na Zanzibar. Mwanangu asomee siasa kwa jina la umeme?"

Nilicheka hadi nikakaa juu ya kuni. Jamani! Wiki tatu nyumba haina amani kwa sababu ya neno moja.

Mchana, tukila ugali kwa mlenda, nilimweleza. Mitambo ya nyuklia ya leo inapasua viini vizito vya atomi. Huu wa Sesilia unaunganisha vyepesi, vya haidrojeni, kwenye joto kali kupita la katikati ya jua, na kule kuungana, ndio muungano wenyewe, kunatoa nguvu. Jua lenyewe ndivyo linavyowaka. Wataalamu wameshauwasha moto huo hapa duniani, kwa muda mfupi mno. Watu hao nawavulia kofia, na nilimwambia hivyo.

"Sawa. Umeme huo utafika lini hapa, kwenye bani langu?"

Ile miaka mitano sikuitaja.

"Sijui, kaka. Hakuna mtambo hata mmoja unaouza umeme huo. Kiwanda kizima cha majaribio bado kinakula umeme mwingi kuliko kinavyoweza kutoa, joto linachakaza kuta zake, na gharama usiseme. Wengine wanataja miaka kumi, wengine hamsini. Pengine mimi na wewe tutakuwa tumeshazikwa."

Nilijua nimeharibu. Akainuka, akaenda kutazama moto wake. Nilinawa mikono huku nawaza nitamwambia nini Sesilia.

Aliporudi alikaa karibu yangu. "Msitu wote hadi mtoni nimeuchoma mimi na tumbaku yangu. Bwana shamba alisema anajua kuni hazitaisha, mnunuzi akasema anajua, na mimi nikajiona najua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hajui, ila wewe leo. Mpigie mtoto."

Nikapiga, nikampa simu.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ila usije ukaniambia umeme upo wakati haupo."

Alhamisi nilirudi Tabora. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na sikumbuki siku niliyosimama mbele ya wanafunzi nikasema sijui. Neno hilo nimelisema mara moja tu, Urambo, na ndilo lililomsafirisha Sesilia.