Fundi rangi wa Lituhi aliyekuwa akimtuma mkewe majini

Jua bado liko nyuma ya milima na ufuko wa Lituhi uko kivulini. Mansuetus Ndunguru anafuta ubavu wa boti kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Mahali anapopafuta pamekwisha kuwa safi. Alipafuta, akaizunguka boti, akarudi palepale.

Boti ni ya mbao, imepakwa rangi ya buluu juu na lami nyeusi sehemu inayokaa majini. Rangi imekauka tangu juzi. Hakuna kazi iliyobaki ambayo kitambaa kinaweza kuifanya.

"Fundi, utaitoboa hiyo," anasema Aidan, nahodha wa boti, aliyekaa juu ya dumu la petroli. "Iache. Leo inaingia majini, na wewe unaingia nayo."

Mansuetus anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Au mjomba amefariki huko Maguu?" Aidan anauliza.

Akina mama wanaoanika usipa, samaki wadogo wa ziwani, kwenye vichanja wanacheka. Mmoja anaongeza kwamba mjomba huyo ana bahati mbaya, maana anazikwa kila boti inapokamilika.

Kicheko hicho kina historia. Katika sehemu hii ya ufuko wa Ziwa Nyasa, boti iliyotoka kupakwa rangi haiendi kuvua mpaka fundi wake aipande kwanza. Anavua viatu, anakaa chini kabisa, nyayo juu ya mbao, na nahodha anampeleka kwenye maji ya kina kirefu kisha anamrudisha. Maji yakipenya, yeye ndiye wa kwanza kulowa. Wenye boti wanasema hawahitaji cheti kingine cha ufundi.

Mansuetus, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, amefanya kazi hii hapa kwa miaka kumi na moja. Kabla ya asubuhi hii hakuwa amepanda boti hata moja.

"Ninaogopa maji," anasema kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye mchanga. "Nina wajukuu, na maji yakifika juu ya magoti mwili wote unatetemeka. Mambo kama hayo mwanaume anamweleza nani?"

Hakumweleza mtu. Siku ya kushusha boti aliugua malaria, au aliitwa shuleni, au alipata msiba Maguu. Aliyepanda badala yake ni mkewe, Recho, mzaliwa wa Lituhi, binti wa wavuvi, anayeogelea tangu kabla ya kuota meno ya pili. Watu walimpenda Recho, wakaukubali utaratibu huo kwa mzaha. Mume wakampa jina: Fundi wa Nchi Kavu.

Leo mzaha umefika mwisho. Mwenye boti hii ni Ottilia Nombo, mjane anayenunua usipa na kuupeleka Mbinga na Songea. Ni mtu anayesikilizwa na wenye boti wenzake. Wiki iliyopita aliwaambia mbele ya Mansuetus kwamba fundi asipopanda, yeye hatampa tena hata brashi ya kupaka mlango wa choo. Wenzake wawili ambao boti zao zinasubiri zamu wakasema watafuata atakachofanya Mama Ottilia.

Kwa Mansuetus, kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Kupaka boti moja humpatia shilingi laki moja na nusu, vifaa vikiwa vya mwenye boti, na mwezi mzuri una boti mbili. Mwezi wa mvua hauna kitu, kwa sababu mbao mbichi hazipokei rangi.

Ottilia anafika akiwa amejifunga kitenge kifuani, ndoo tupu mkononi.

"Shikamoo, mama," Mansuetus anasema.

"Marahaba, fundi. Hujaugua?"

"Sijaugua, mama."

"Nyumbani wote wazima? Maguu wazima?"

"Wazima."

"Basi vua viatu."

Recho amesimama pembeni, kanga yake ameikaza kiunoni kama ilivyo desturi yake siku hizi za kushusha boti. Anapiga hatua moja kuelekea majini. Ottilia anamwekea mkono begani.

"Wewe ni mwenzangu, tumecheza pamoja hapahapa," anamwambia. "Lakini boti yangu sikukukabidhi wewe. Nilimkabidhi yeye."

Recho anarudi nyuma. Uso wake una wasiwasi mkubwa kuliko wa mtu anayemwonea mumewe huruma tu. Sababu ilijulikana baadaye.

Mansuetus alizaliwa Maguu, huko juu ambako watu wanalima mahindi na maharage kwenye mashimo ya mteremkoni yaitwayo ngoro, na kahawa kuzunguka nyumba. Ziwa alilijua kwa mbali, kama kipande cha bati kinachong'aa chini ya milima. Maji makubwa aliyoyazoea ni ya kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe.

Alijifunza rangi kwa kupaka madirisha na mabenchi ya kanisa. Miti ya kahawa ya baba yake ilipozeeka na yeye akakosa nguvu ya kupanda mingine, aliteremka Lituhi kupaka jengo la duka. Mwenye duka alikuwa na boti. Akamwambia, mbao ni mbao.

"Nikasema kweli, mbao ni mbao," anakumbuka. "Nikakwangua rangi ya zamani, nikapiga msasa, nikapaka. Ikapendeza mpaka watu wakaja kuuliza nani kaipaka."

Fundi mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, alimfundisha kukalafati, yaani kuziba mishono kati ya mbao kwa pamba iliyosokotwa na kugongwa ndani kwa patasi. Juu ya pamba Mansuetus aliweka puti ngumu, ileile aliyoizoea kwenye madirisha, akailainisha mpaka mshono usionekane kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Ukipitisha kiganja kwenye boti zake huwezi kuhisi ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Malalamiko yalikuwepo. Wavuvi walimwambia mara kwa mara kwamba boti zake zinaingiza maji upande wa nyuma. Ottilia mwenyewe, msimu uliopita, alilazimika kupakia mtu mmoja ambaye kazi yake usiku kucha ilikuwa kuchota maji kwa kopo wakati wenzake wakivuta nyavu.

Mansuetus hakuwaamini. Kila boti aliyomaliza aliielesha majini pale ufukweni, akaifunga kamba, akasimama kando maji yakiwa chini ya magoti, na kuiangalia nusu siku nzima. Haikuingiza hata tone.

"Niliwajibu vibaya," anasema. "Niliwaambia mnagonga boti kwenye mawe halafu mnanitafuta mimi. Niliwaita wavivu. Aidan nilimwambia kwamba boti inavuja kwa sababu ya mdomo wake."

Boti inasukumwa. Wanaume sita wanaiegemea, inateleza juu ya magogo, inagusa maji na kuelea. Mansuetus anaingia akiwa ameshikwa mikono miwili kama bibi harusi. Kelele zinapigwa ufukweni. Anakaa chini katikati, anashika ubao wa kukalia kwa mikono yote, anafumba macho. Midomo yake inacheza. Anasali rozari bila rozari.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ndani ya boti hiyo, mbele. Maji yalikuwa yametulia. Aidan alitumia kasia mpaka boti ikapita mitumbwi iliyotia nanga, na sakafu ilikuwa kavu kama meza.

"Fumbua macho, fundi," Aidan alisema. "Umepaka buluu nzuri hivi halafu hutaki kuiona?"

Mansuetus alifumbua jicho moja. Alitazama sakafu, akatazama mishono. Rangi ya uso wake ikaanza kurudi. "Kavu," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Si nimewaambia? Kavu!"

Ndipo Aidan alipowasha injini.

Boti ilitetemeka yote, na nyuma ilitetemeka zaidi. Mbao mbili za mwisho, zile zinazoshikana na ubao unaobeba injini, zilikuwa zikicheza kidogo sana, kama midomo ya mtu anayenong'ona. Puti iliyokuwa laini kama kioo ilipasuka mstari mwembamba. Maji yakaanza kuingia. Hayakuruka, yaliteremka taratibu ubavuni, yakakusanyika, yakaja yakalowesha visigino vya fundi.

Mansuetus aliyatazama. Aliuachia ubao aliokuwa ameushika, akaweka kiganja juu ya ufa, na maji yakapita kati ya vidole vyake.

"Zima," alisema.

Aidan alizima. Boti ikatulia, mbao zikatulia, na maji yakaacha kuingia.

Aidan, ambaye ufukweni hakuwa ameacha mzaha tangu alfajiri, alitazama upande wa milima.

"Hayo ndiyo tuliyokuwa tunakuambia," alisema mwishowe, bila ukali.

"Zote ziko hivi?"

"Zenye injini, zote. Tumezoea, fundi. Tunabeba kopo."

Mansuetus aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Mtu angedhani ni ile hofu ya maji imemrudia. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa kwenye mbao za nyuma.

"Washa tena," alisema. "Nataka kuona panapoanzia."

Aidan aliwasha. Fundi alijiburuta kwa makalio mpaka nyuma kabisa, akalala kifudifudi ndani ya maji yale machache, shavu karibu na mbao, na kutazama. Alikaa hivyo mpaka waliporudi ufukweni, shati lote limelowa.

Watu walikuwa wakimsubiri kwa vigelegele. Vilikatika walipomwona. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Ottilia.

"Inavuja, mama. Inavuja kama ulivyosema mwaka jana, na mimi nikakuambia umenunua injini mbovu. Naomba unisamehe. Naomba wanaume waipandishe tena mchangani."

Ottilia alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. "Sasa umeona," alisema tu. Kisha akawageukia wanaume. "Hamkusikia? Ipandisheni."

Siku hiyohiyo, kwenye uwanja wa nyumba yao, Recho ndiye aliyeanza kuzungumza bila kuulizwa. Alikuwa akichambua mboga na hakuinua macho.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Tangu boti ya kwanza. Nilikaa pale chini, nikaona maji, nikayafuta kwa kanga kabla hatujafika. Nikirudi namwambia iko sawa."

Kwa nini?

"Ningemwambia inavuja, angeuliza wapi, ningemwambia ni injini ikiwaka. Angetakiwa aingie aone mwenyewe. Na asingeingia. Angekunja nguo zake arudi Maguu kwa aibu, aniache hapa au nimfuate. Nikaona bora kanga ilowe. Wale wanaochota maji usiku ni kaka zangu. Sikulala vizuri."

Mansuetus alikuwa amekaa kizingitini akiwa na shati kavu. Alisikia kila neno. Alimtazama mkewe, akasema, "Mimi ndiye niliyekutuma."

Tangu asubuhi ile, fundi yuko juu ya boti ya Ottilia akichimba puti yake mwenyewe kwa ncha ya patasi. Anachimba mbao za nyuma zote, si zile mbili tu. Mahali pa puti anajaribu lami iliyochemshwa na mafuta ya ng'ombe, kitu laini kinachoweza kucheza pamoja na ubao bila kupasuka. Mshono unaonekana, mweusi na mpana, kama kovu. Boti haipendezi tena kama zamani.

"Watu watasema nimeharibika mkono," anasema. "Waseme. Nilikuwa napaka ili macho ya mtu aliyesimama mchangani yaridhike. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimesimama mchangani."

Ottilia hajasema kama atampa kazi nyingine. Amesema atangoja boti irudi majini na injini iwake. Wale wenzake wawili wanangoja yeye. Kwa kazi hii ya kurudia, Mansuetus hadai malipo, na amekataa hata samaki ambao fundi hupewa kutoka kwenye uvuvi wa kwanza.

Akiwa juu ya boti anaweza kuziona nyingine alizozipaka: ile ya kijani ya mwalimu mstaafu, ile nyekundu ya ndugu zake Recho, ile nyeupe iliyoandikwa jina la mtakatifu. Anapanga kwenda kwa kila mwenye boti, aombe kupandishwa botini injini ikiwaka, aone, kisha aombe nafasi ya kurekebisha. Ndugu za Recho atawaendea kwanza, kwa sababu hao ndio anaowaonea aibu zaidi.

Akina mama wa vichanjani hawajaacha. Akipita wanamuuliza kama mjomba amefufuka. Anawaitikia kwamba mjomba ni mzima na anawasalimu.

Pamba imemwishia, na nzuri inapatikana Liuli. Miaka yote amekwenda huko kwa gari, akizunguka kwa barabara ya vumbi, ingawa boti ya abiria hupita mbele ya macho yake na kufika mapema. Jumamosi anakwenda tena. Alipoulizwa atapanda gari gani, alichovya brashi kwenye lami, akaitazama, akaipangusa ukingoni mwa kopo.

"Nitakwenda na boti," alisema. "Nimemwomba nahodha anipe nafasi nyuma, karibu na injini."