Fundi wa maturubai Malaba anayetafuta paa kwa karata

Saa tisa alasiri, foleni ya malori Malaba imesimama kabisa. Brigid Amuge amechomeka sindano yake kubwa kwenye kola ya blauzi na kuketi juu ya tairi kuukuu, karata mbili mkononi. Mbele yake, juu ya kreti iliyopinduliwa, zimefunuliwa karata tatu: mfalme, saba na sita.

Amuge ana mfalme mwingine. Lakini Mzee Okiria, mlinzi wa uwanja wa malori, amesukuma katikati rundo la vizibo vya soda, ambavyo ndivyo dau lao.

Amuge anamtazama mzee, si karata. Kisha anatupa zake zikiwa wazi.

"Banange, nnyabo! Jamani, mama, unatupa mfalme?" anashangaa Opolot, dereva kutoka Tororo.

"Mzee hasukumi hivyo bure. Huyu hata chai anafikiria kwanza ndio anunue."

Wanacheka, Okiria pia. Karata zake hazionyeshi.

"Hapo ndipo panauma," Amuge anaeleza baadaye. "Ukitupa, hakuna anayekuambia kama ulifanya vizuri. Unaenda nyumbani na swali lako."

Amuge, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa Angurai. Aliacha shule akiwa darasa la sita. Kazi yake ni kuziba maturubai ya malori yaliyochanika safarini. Siku nzuri hupata shilingi mia sita. Mvua ikinyesha hapati kitu, maana gundi haishiki kwenye turubai lililolowa, na kibanda chake hakina paa.

"Mvua ndiyo inawaleta madereva kwangu, na mvua ndiyo inanifukuza," anasema.

Mchezo huu, poka, alifundishwa na dereva mmoja aliyekwama hapa akisubiri stakabadhi. Kila mchezaji hushika karata mbili za siri. Tatu hufunuliwa katikati, kisha mbili zaidi, moja moja. Mmoja akisukuma vizibo, mwenzake humfuata kwa idadi ileile au hutupa karata. Kwa Amuge, kazi huanza zile tatu zikishafunuliwa.

"Opolot hatupi karata, hata umtishe namna gani. Kwake naweka nikiwa na kitu tu. Egesa naye anatisha watu mikono mitupu. Huyo namfuata."

Egesa ni dereva kutoka Nambale. Leo amekuja na turubai kuukuu lisilo na tundu, linalotosha kuezeka kibanda. Wamekubaliana: kati yao wawili, atakayeishiwa vizibo kwanza ameshindwa. Amuge akishinda, turubai ni lake. Akishindwa, ataziba maturubai ya Egesa bure msimu wote wa mvua. Opolot na Okiria wanacheza kujifurahisha tu.

Karata zinagawanywa tena. Zinafunuliwa kumi, nane na mbili. Amuge ana nane nyingine, yaani jozi.

Mara ajenti wa forodha anapaza sauti kutoka barabarani. "Egesa! Gari lako limeachiliwa! Toa hapo!"

Malori ya nyuma yanaanza kupiga honi. Egesa anasukuma vizibo vyake vyote katikati. Okiria na Opolot wameshatupa karata zao. Amuge akifuata, lazima aweke vyake vyote.

"Amua, dada. Watanipiga hawa," Egesa anasema.

Amuge anafikiri. Egesa ni mtu wa kutisha, na leo ana haraka. Mwenye haraka husukuma chochote ili mchezo uishe. Anafuata.

Egesa anafunua kumi, jozi inayoishinda ya nane. Karata mbili za mwisho hazimsaidii Amuge.

"Pole, dada," Egesa anasema, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Anakunja turubai na kukimbilia lori lake.

Amuge anabaki akizitazama karata. "Nilimfuata Egesa wa siku zote," anasema polepole. "Angekuwa hana kitu, angeziacha karata na kukimbilia gari. Alibaki na honi zote zile. Nilisikia haraka, sikusikia kwamba amebaki."

"Sasa utafanyaje na mvua?" Okiria anamuuliza.

"Nitaziba ya Egesa, nimeahidi. Na akirudi kutoka Kampala tutacheza tena, turubai bado analo."

Anavuta sindano kutoka kwenye kola na kutunga uzi.

"Lakini safari hiyo, mzee, nitacheza naye gari likiwa bado kwenye foleni. Nataka nimkute akiwa na siku nzima ya kudanganya."