Paka Wetu Katika Wiki ya Kimya

Aliingia kupitia dirisha la jikoni, mbavu nje, sikio limechanika, akajilaza juu ya gunia la unga wa uwele kama mtu aliyetoka safari akakuta kitanda chake. Nyumba yetu ilikuwa ya masista, pembeni mwa Mpwapwa, nami nilikuwa mwaspiranti, yaani msichana anayejaribu utawa kabla hajavaa shela. Darasa la saba nilikuwa nimemaliza, na ndoto nilikuwa nazo za kutosha nyumba nzima.

Sista mpishi alishika ufagio. "Toka, mwizi we!" Paka akamtazama, akapiga miayo. Sista akacheka mpaka ufagio ukamponyoka. Jioni alikuwa ameshamwekea maziwa kwenye kifuniko cha sufuria.

Tulitaka kumpa jina, kila mmoja akaja na mtakatifu wake. Mama Mkubwa, mkuu wa nyumba, akakataa. "Mnataka nicheke katikati ya litania ya watakatifu? Huyo ni paka. Mwiteni paka."

Mimi nilimpangia makubwa. Nikishaweka nadhiri nitapelekwa misheni ya mbali, naye atakuwa ndani ya kapu, tunapungiwa mikono. Nilimweleza yeye peke yake, maana wenzangu wangesema, "Maliza vyombo kwanza, mwaspiranti."

Yakaja mafungo ya mwaka, wiki nzima ya kimya. Kwenye mafungo husemi. Ukitaka chumvi unanyoosha kidole. Na wiki hiyohiyo paka akaanza kukonda tena, tumbo limejaa kama ngoma. Minyoo. Kila aliyempita alimwona, na kila mmoja alikuwa amefundishwa kwamba wema hautangazwi.

Dawa ilikuwepo. Zamani dawa ya mbuzi wetu tuliingoja ofisi ya mifugo mpaka mbuzi mwenyewe anakata tamaa. Lakini biashara ilikuwa imefunguliwa, mjini maduka ya watu binafsi yakawa yanauza kila kitu, mitumba, sabuni za kunukia, dawa za mifugo. Kopo zima la vidonge vya minyoo lilikaa stoo, na stoo haikufungwa.

Asubuhi moja nikiwa nafua nyuma ya jiko, nilimwona sista wa bustani, mzee kuliko wote, anasaga kidonge kwa kijiko na kukikoroga kwenye maziwa. Paka akalamba yote. Nikafurahi moyoni, nikaendelea kufua. Sijamaliza hata kusuuza, akaja sista wa zahanati na kikombe chake. Nilimpungia mikono yenye povu, nikaonyesha paka, nikaonyesha kikombe, nikatikisa kichwa. Akatabasamu, akaweka kidole mdomoni, kisha mkono kifuani: usinitangaze.

"Sista, ameshakunywa!" Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Paka alikuwa amekwisha kulamba na cha pili.

"Kampa nani?"

"Sista wa bustani. Sasa hivi."

"Mama yangu weee."

Kabla ya saa sita paka alikuwa anatetemeka, udenda unamtoka, miguu ya nyuma haimtii. Tulimnywesha maji ya mkaa, akayatema. Nikakimbia kumwita bwana mifugo, akaja na baiskeli yake.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mmempa kiasi gani?"

"Kidonge," sista wa zahanati akasema.

"Kizima? Cha mbuzi?"

"Na mwenzangu kizima."

Akavua kofia. "Angekuwa ng'ombe, Sista, ningemtundikia maji. Huyu, sindano yangu ni nene kuliko mshipa wake."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Mwekeni kivulini."

Tukamweka kivulini. Nilimfuta udenda kwa kanga yangu, nafuta, unatoka, nafuta. Macho yake yalikuwa yananiangalia kama nina kitu mfukoni. Mama Mkubwa akaja.

"Niombe nini, Mama?" nikanong'ona.

"Hata mimi sijui, mwanangu."

Alikufa kabla ya kengele ya masifu ya jioni. Sista wa bustani alimchimbia shimo karibu na mizabibu, hakutaka msaada.

Mafungo yalipofungwa, tukaruhusiwa kusema mezani. Sista mpishi akaanza, macho kwenye sahani. "Mimi nilimpa kidonge alfajiri ileile. Nilimkunjia kwenye dagaa."

"Mimi nilimpa jana yake," akasema Mama Mkubwa. "Nusu tu. Nilidhani nawahi kabla yenu."

Mmoja akaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka kikawa kilio, akajifunika uso kwa shela. Sista wa bustani akatuangalia mmoja mmoja.

"Basi mnisaidie," akasema. "Aliyemuua ni nani?"

Nikasimama kukusanya sahani. Zote zilikuwa zimebaki na chakula, nikabaki nazo mlangoni, sijui nimpelekee nani.