Ngoma za Breki za Pikapu ya Dawa

Msabah Hamad wa Kikwajuni hakuwa msemaji, lakini ukimgusia habari za breki utakaa naye mpaka chai ipoe. Kabla ya Mapinduzi alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mashamba. Mwaka wa sitini na nane alikuwa akiendesha pikapu ya kupeleka dawa katika zahanati za kaskazini, na fundi wa pikapu hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Safari zilipozidi akapewa mwenzake, Hasan wa Jang'ombe, aliyekuwa mchukuzi bandarini. Msabah ndiye aliyemwombea kazi ile, na ndiye aliyemfundisha kushika usukani, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka akaiva. Wakawa wanapokezana, na nyumba zao zikawa kama moja.

Baada ya masika pikapu ikaanza kutetemeka. Msabah akikanyaga breki, pedali humsukuma mguu, na usukani humchezea mikononi. Akaipiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono. Likakwaruza, likaachia, likakwaruza tena pale pale. Akajua ngoma zimepinda, yale maduara ya chuma ambayo viatu vya breki huyabana kwa ndani ili gari isimame. Alipozivua akaona madoa ya buluu, alama ya chuma kilichoungua.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Nati zikikazwa upande mmoja kabla ya mwengine, ngoma hulala vibaya. Lakini yeye siku zote alikaza kwa kukingamisha, hii kisha ile inayoikabili. Akazipeleka kwa Simai, mkereza vyuma wa Darajani, naye akazikereza kwa mashine mpaka zikarudi duara. Haikupita miezi miwili, mtetemeko ukarudi.

Aliyemfumbua macho ni Bi Tabia, muuguzi wa zahanati ya Nungwi.

"Mwenzio hana subira," alimwambia. "Akifika tu huchota maji kisimani akayamwagia magurudumu. Yanafuka kama chungu kilichotoka jikoni."

Akamweleza pia kwamba siku za Hasan gari huja imelala kwa nyuma, imepakiwa magunia ya chokaa ya watu, kwa ujira, juu ya makasha ya dawa.

Msabah hakumpigia Hasan kelele. Alimwita barazani kwake, akamweleza taratibu. "Chuma cha moto hakimwagiwi maji, Hasan. Kiache kipoe chenyewe kwa upepo. Na ukishuka mteremko tia gia ndogo, usiining'inie breki. Gari ile haikuumbiwa mzigo ule."

Hasan alimshika mkono, machozi yakamtoka. "Kaka Msabah, wakubwa wakijua habari ya chokaa mie nshakwisha."

Msabah akamwahidi kwamba hawatajua. Akazivua ngoma mara ya pili, akazirudisha kwa Simai, na katika daftari la gari, pale pa kuandika sababu ya uharibifu, akapaacha patupu.

Wiki ya tatu aliitwa na Bwana Mkadam, msimamizi wa magari. Mezani palikuwa na barua isiyo na jina. Ilisema kwamba Msabah anaiharibu gari ya umma makusudi, anazivua ngoma kwa siri na kuzipeleka kwa fundi wa nje, na ndiyo maana haandiki sababu. Mkadam akasoma mstari wa mwisho kwa sauti: ati husema gari za tajiri wake wa zamani zilitunzwa kuliko hizi za serikali.

Maneno yale Msabah aliyasema kweli, mara moja tu, Sikukuu ya Mfunguo Mosi, Idi ya baada ya Ramadhani, sebuleni kwa Hasan, hapana mwengine ila wao wawili. Akaelewa kwamba Hasan hakuiamini ahadi yake. Aliogopa kusemwa, akawahi yeye kusema.

Akaomba Hasan aitwe. Hasan akaja, akasimama anaangalia dirishani. Msabah akamwuliza habari ya chokaa, naye akasema haijui.

"Mambo ya breki anayajua kaka Msabah," alisema. "Mie huendesha tu."

Lile neno kaka ndilo lililomchoma Msabah kuliko barua yenyewe. Hakujitetea tena. Akauweka ufunguo juu ya meza, akenda kwao kwa miguu. Mkewe, Mwanamwema, aliposimuliwa akauliza ni Hasan yupi huyo, akamjibu, "Huyo huyo uliyemlelea mwanawe."

Simai akampa nafasi kwenye mashine yake, na Msabah akawa mkereza. Kiasi cha miezi saba baadaye Hasan aliingia na ngoma mbili ndani ya gunia. Alipoona nani yupo kwenye mashine akasita mlangoni, kisha akazitua.

Msabah akazipima. Chuma kilikuwa kimebaki chembamba, na ufa ushaanza. Angeweza kuzilamba kidogo kwa mashine, zikang'ara, akamwacha aende nazo.

"Hizi hazikerezwi tena," alisema. "Zitapasuka njiani. Zinatakiwa mpya."

Hasan akamsihi azinyooshe ziende safari moja tu, kazini wanamngoja. "Nisitiri, kaka Msabah."

"Bwana Hasan," alijibu, "nilikusitiri mara moja. Gari ile siku nyengine hupakia na wagonjwa."

Akaandika karatasi kwamba ngoma zimeungua kwa mzigo na kumwagiwa maji zikiwa moto, akatia jina lake chini, akaipeleka yeye mwenyewe kwa Mkadam pamoja na ngoma. Mkadam alipotaka kujua ni nani aliyemwaga maji, Msabah akamwambia akaulize zahanati ya Nungwi. Akauliza, akajibiwa.

Pikapu ililala mpaka ngoma mpya zikaja kutoka bara. Hasan akahamishiwa ghalani. Msabah aliitwa arudi kwenye usukani, akashukuru, akabaki kwa Simai.

Hukutana msikitini siku za Ijumaa. Hasan hutoa salamu, na Msabah huiitikia, kwa kuwa salamu ni haki. Mwanamwema alimwuliza siku moja kama ameshamsamehe. Akasema ulimi umeshatamka mara nyingi, lakini moyo ukifika pale sebuleni kwa Hasan hurudi nyuma.