Ule Waya Niliouchomoa Mimi

Ni mimi niliyeuchomoa. Kwa miaka sita nimekana: mbele ya Mkuu wa Usafiri, mbele ya fundi, hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa ameuliza. Nilikana vizuri, kwa sentensi ndefu, kama mtu aliyesoma. Ninyi mnaojifunza udereva hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani zetu, na nimeona siwezi kuieleza bila kuanzia kwenye waya huo.

Siku ya kwanza nilifika kwenye uwanja wa magari ya mradi wa afya na cheti changu cha chuo kikuu ndani ya faili la plastiki. Nilisomea jiografia Bukavu. Mkuu wa Usafiri, Mmalawi mpole aliyenyoosha shati lake kwa pasi hadi mikononi, alikisoma chote, akanirudishia, akaniuliza kama naweza kurudisha gari nyuma kwa vioo tu. Niliweza. Hivyo ndivyo jiografia ilivyonipatia kazi ya kupeleka wagonjwa: nikawa najua kila shimo kati ya kambi na hospitali ya Lilongwe. Na kwa kuwa nilijua Kiingereza, nikapewa kazi ya pili isiyo na cheo, ya kutafsiri kila palipokuwa na mkutano.

Aliyenifundisha udereva wa kweli ni Papa Amisi, mtu wa Kindu, aliyeendesha malori huko kwetu kabla sijajua kusoma. Alikuwa na Kiswahili, Kilingala na Kifaransa cha gereji, Kiingereza hakikumwingia. Kila asubuhi alifungua boneti, akaangalia oili, maji na mkanda, kisha akaweka kiganja juu ya betri kama anayepima homa. “Gari njo mgonjwa wa kwanza,” aliniambia; njo kwao ni ndiye. “Anza na ye.”

Yeye ndiye aliyetuwekea desturi ya ufunguo. Dereva anayepokea gari humwuliza anayelikabidhi: umeniachia nini? Naye hutaja kila kitu, breki inayolia, tairi linalopungua upepo, mlango unaotaka kusukumwa kwa goti. Kama hakuna kitu, hujibu: salama. Neno hilo lilikuwa zito kuliko sahihi ya kitabu cha gari. Mtu aliyesema salama ni kama amekupa watu wa nyumbani kwake uwapakie.

Kisha likaja lile gari jeupe kutoka Japani, lenye viti vinane na ujanja wake. Ukikanyaga breki na gari likasimama kabisa, injini inazima yenyewe ili kuokoa mafuta. Ukiinua mguu, inawaka. Kwenye barabara za huko lilikotengenezwa labda ni raha. Kwetu, kila ng’ombe aliyevuka alituzimia injini. Kipoza hewa kilikuwa kinakata, joto linaingia, na waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, waliotupita walituangalia kwa huruma ambayo ilikuwa inaniuma. Kulikuwa na kitufe cha kuuzuia ujanja huo, lakini kila ukizima gari na kuliwasha tena, kitufe kilikuwa kimesahau na wewe unatakiwa ukumbuke. Mimi, mwenye shahada, nilisahau mara nyingi zaidi kuliko Papa Amisi.

Siku moja nilisahau nikiwa na wagonjwa sita. Tulifika foleni ya njia panda ya mtaa wa Area 25, nikakanyaga breki, injini ikanyamaza. Nikasikia mlango wa pembeni unafunguliwa. Hakuna aliyepiga kelele. Walishuka mmoja mmoja, kwa utaratibu, wazee mbele. Wakakaa chini kando ya barabara, vichwa vimeinama, kila mmoja ameinua karatasi yake ya utambulisho juu kidogo ya paji la uso. Bibi mmoja wa Fizi alikuwa amevua viatu na kuvipanga mbele yake.

Nilielewa, kwa sababu mimi pia nimepita njia hizo. Kwenye vizuizi vya huko tulikotoka, injini ikizimwa maana yake ni shukeni. Waliokawia kushuka tuliwaacha pale. Magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi, na mimi nilikuwa natembea kati yao nikiwaomba warudi, bibi ananisihi kwa sauti ya chini nisimguse mbele ya askari. Hapakuwa na askari. Palikuwa na muuza matikiti.

Nilimwomba Mkuu wa Usafiri ruhusa fundi azime kitu hicho moja kwa moja. Alinisikiliza vizuri, akasema gari lilitolewa na watu wanaotaka ripoti ya mafuta kila mwezi, na hakuna atakayegusa chochote. “Bonyeza kitufe, Mama Furaha,” alisema. “Ni kidole tu.”

Fundi mmoja wa Area 25, nilipopita kununua kioo, alinionyesha njia fupi bila hata kuniuliza jina. Kwenye nguzo ya betri kuna sensa ndogo inayoliambia gari betri ina nguvu kiasi gani. Ukiichomoa plagi yake, gari linakosa uhakika, na gari lisilo na uhakika halithubutu kuzima injini. Nilipenda maelezo hayo, niliona yananihusu. Nilichomoa, nikafunga kichwa cha waya kwa utepe mweusi, nikakificha chini ya kifuniko. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, lakini magari yetu yote yalikuwa na taa ya njano. Wagonjwa wakaanza kusinzia njiani. Nilijivunia.

Papa Amisi aliponiuliza umeniachia nini, nilisema salama. Ningemwambia angelazimika kunificha au kunisema, nami nikajidanganya kwamba namwepusha na yote mawili. Ambalo sikulijua, kwa sababu sikuuliza, ni kwamba gari lile lilitumia sensa hiyo hiyo kujua betri ichajiwe vipi. Bila hiyo lilikuwa linaichaji nusu nusu. Tulikuwa tunakula betri taratibu, wiki baada ya wiki.

Ilimfia Papa Amisi mikononi, mchana, mbele ya zahanati ya kambi, na mama wa Kirundi aliyekuwa kwenye uchungu tangu alfajiri ameshalazwa kwenye kiti cha nyuma. Gari halikuwaka. Watu walilisukuma, lakini gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Gari jingine lilipopatikana, muda ulikuwa umepita. Mama alipona. Mtoto alizikwa kesho yake, na Papa Amisi alikwenda kuchimba pamoja na wanaume wa familia.

Kikao kilikuwa siku ya tatu. Mkuu wa Usafiri aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri, Papa Amisi akajibu. Aliulizwa kama aliacha taa zikiwaka. Akasema hapana. Kisha akasema, polepole ili nisikose: “Kuko waya moja ilitolewa pale kwa betri, wakaifunga na scotch. Bafungue kapo baangalie.”

Nilitafsiri hapana. Yaliyobaki, kwamba wafungue boneti wauone waya na utepe wake, sikuyatafsiri. Nilisema tu kwamba anasikitika sana.

Jioni hiyo niliurudisha waya mahali pake. Fundi alikuta betri imekufa na hakuna kingine, ikaandikwa kwamba dereva aliacha taa. Barua ya kumwachisha kazi niliisoma mimi, kwa Kiswahili safi, akiwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi. Akaondoka kambini kwenda Madisi, kwa shemeji yake mwenye mashine ya kusaga. Mimi nilibaki miaka mingine mitano, nikasifiwa kwa uangalifu.

Mwaka jana mradi uliisha na macho yangu yakaisha pamoja nao. Siku hizi naweza kuona vizuri yaliyo mbali tu. Ninyi mnasoma kwamba kila sensa ina kazi yake, na hilo ni kweli, lichukueni. Lakini nawaomba mchukue zaidi lile swali la ufunguo, na mlijibu hata kama jibu litawavunjia kazi.

Mwezi uliopita nilipata namba ya Papa Amisi kwa mpwa wake anayeuza vitenge Chilinde. Nilipiga asubuhi. Nyuma yake mashine ilikuwa inasaga, akaniomba ningoje atoke nje. Nilimweleza yote: sensa, utepe, salama, na maneno niliyoyaruka mbele ya Mkuu.

“Nilijua, mama,” alisema.

Nilimuuliza alijuaje, na Kiingereza hakisikii.

“Nilisema bafungue kapo. Gari ilikuwa pale inje, kwa dirisha. Nikangojea mutu asimame, hakuna mutu alisimama. Nikakuangalia we. We uliangalia karatasi.”

Nikamuuliza kwa nini hakurudia, kwa nini hakunitaja mbele yao.

“Ningesema na kinywa ya nani, Mama Furaha?”