Kompyuta ya Foni na Jina la Mtoto wa Kaka

Mwaka ule wa vita, barabara ya Mahagi ilifungwa wifi yangu akiwa huko na mimba yake ya kwanza. Alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, kama wanawake wa kwao wanavyofanya. Kaka alimsindikiza mpaka kwenye lori, akampakilia mizigo, akamwambia atamfuata si muda mrefu. Kisha vizuizi vikaota barabarani, kila kizuizi na wenyewe, na kaka akabaki Bunia pamoja nami na foni yetu.

Foni ni redio ya kuzungumzia. Wakati ule ndiyo ilikuwa simu yetu, posta yetu na gazeti letu. Ya kwetu ilikaa sebuleni, na waya wa antena ulitoka dirishani, ukapita juu ya paa, ukafungwa kwenye mwavokado wa jirani. Kaka alizipenda redio tangu utoto. Alizifungua na kuzifunga kwa mapenzi tu, bila mtu kumtuma. Mimi nilikuwa fonisti, yaani sauti ya nyumba. Nina sauti inayopenya na hasira za karibu, na vyote viwili vinafaa hewani, maana kwenye foni kila aliyefungua masafa yale anakusikia, na kila anayekusikia ana haki ya kujitia katika mazungumzo yasiyomhusu.

Uzazi wenyewe ulimtia kaka wasiwasi, lakini jina lilimtia zaidi. Kwa wakwe zake, mtoto hatolewi nje ya nyumba aliyozaliwa, hata kuonyeshwa jua, mpaka baba yake alitamke jina lake, na jina hilo halisikiwi na mtu wa nje kabla ya mtoto mwenyewe na nyanya yake. Baba akiwa mbali huja mbio. Kaka hakuwa na pa kupitia mbio hizo, na sauti zetu nazo zilikuwa hazifiki tena Mahagi. Batri zetu za lori zilikuwa zimechoka, mazutu, yaani dizeli, ya jenereta ilipatikana kwa bahati, na msimu ule hewa ilijaa radi. Mwenzetu wa Mahagi alikuwa mwalimu wa hesabu, mpenzi wa redio kama kaka, ambaye tulimjua miaka yote bila kumwona uso. Siku hizo alitufikia kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, na hatukuambulia hata neno moja zima.

Ndipo ikaja kompyuta. Mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago kuondoka Bunia alimwachia kaka kompyuta kuukuu ya kukunja, yenye ufa kwenye kona ya kioo, akamwonyesha na jinsi ya kuiunganisha na redio. Ukiandika, kompyuta inazigeuza herufi kuwa mluzi, mluzi unarushwa hewani, na kompyuta ya upande wa pili inaugeuza kuwa herufi tena. Mluzi huo hautaki nguvu nyingi, na unapita hata pale sauti ya mtu inapozama. Mwalimu wa Mahagi alikuwa na kompyuta ya shule, na kumbe alikuwa anangoja mtu wa kupigiana naye mluzi tangu kabla ya vita.

Kompyuta ilikuja na Windows ndani yake, nami niliipenda siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesomea ukatibu, vidole vyangu vilijua kazi, na zile rangi na picha ndogo ndogo zilinifanya nijione niko ofisini badala ya kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na gunia la mihogo. Nikasema basi, mfumo tunao, tuanze.

Tukaanza, na tukajiaibisha mbele ya eneo letu zima la Ituri. Hatukufikiria kwamba waya unaopeleka mluzi unapeleka pia kila mlio wa kompyuta, na kaka alikuwa ameifunga redio kwa namna ya kurusha yenyewe kila inaposikia sauti. Kwa hiyo kila tulipoiwasha, ule muziki wake wa kukaribisha ulikwenda hewani, na kila nilipokosea kubonyeza, kengele ikalia mpaka msituni. Mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Kilo akauliza kwa heshima ni parokia gani imepata kinanda, na kwa nini mpigaji anajua mwanzo wa wimbo peke yake. Mama mmoja wa Marabo, aliyekuwa anatafuta wateja wa maharagwe yake, alisema aachwe, bado anajifunza. Nilicheka mpaka nikashindwa kuwajibu.

Kaka aliizima milio ile, lakini yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye batri. Batri ya kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kompyuta ilikunywa kwenye batri ile ile ya redio, na Windows kwenye mashine kuukuu vile iliamka kwa uvivu wa mtu aliyelala vizuri. Mgeni wetu alikuwa ameacha pia sahani ya CD yenye Linux, mfumo wa bure ambao kaka alisema unaweza kuuvua mapambo yote ukabakiza kazi tu. Akataka kuifuta Windows. Nikamwambia akiifuta atafute fonisti mwingine, na chakula cha mchana atafute pia. Mwishowe aliigawa diski vipande viwili, kila mfumo ukapata nyumba yake.

Nilipouona mfumo wake nilikasirika upya. Kioo cheusi, herufi nyeupe, hakuna hata picha moja ya kumfurahisha mtu. Tena klavye yetu ya kuandikia ilikuwa ya Kifaransa, nao uliidhani ya Kiingereza, nikibonyeza A inatoka Q. Salamu zangu za kwanza kwa Mahagi zilikwenda zikisomeka «sqlq;u», na mwalimu akajibu akiuliza kama nimepata malaria. Kaka alisema hilo ni jambo dogo, linarekebishika. Nikamwambia jambo dogo ni lile lisilokuwa kwenye vidole vyake.

Ugomvi wetu ukatoka nje ya nyumba, maana mikro ilikuwa karibu mno na midomo yetu. Siku mbili tatu tu, na masafa yote yalikuwa yamegawanyika. Watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta walikuwa upande wa Windows au upande wa Linux, kwa moyo wote, kama timu za mpira. Wachimbaji wa Kilo, Wakristo kwa Waislamu, waliniunga mkono mimi kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri. Mama wa maharagwe alisema kitu cha bure kina mwenyewe, atakuja siku moja kukidai. Huko nje watu walikuwa wanahama na kuhamia, na sisi tulibishana juu ya mfumo wa kompyuta; nadhani wengi walifungua foni asubuhi kwa ajili hiyo tu, wasikie jambo lisilo la kufa. Aliyenishinda ni mfanyabiashara wa mbao wa Mambasa, mwenye malori yake, mtu wa maneno machache.

“Niko na kamio mbili,” alisema. “Ile ya marangi mazuri inakunywaka mazutu mingi. Ile ya zamani haina kitu, lakini inafika. Muko nataka kupendeza ao muko nataka kufika?”

Tukakubaliana kuzijaribu zote mbili kwa batri moja, iliyochajiwa na kibao chetu cha sola chini ya jua lile lile. Asubuhi ya Windows, kompyuta iliamka dirisha kwa dirisha, nikaandika salamu nzuri, nikaanza kuuliza hali ya wifi, na katikati ya swali kioo kikazimika. Asubuhi ya Linux niliandika salamu, nikamuuliza wifi, nikauliza mvua, nikauliza bei ya samaki, nikaishiwa maneno na batri bado iko. Kaka alitabasamu, na tabasamu hilo liliniuma kuliko maneno. Nikakubali Linux kwa sharti kwamba airekebishe klavye kabla sijala tena meza moja naye, na jioni hiyo A ilikuwa A.

Habari ya uzazi ilikuja asubuhi yenye jua, herufi moja moja, na mimi niliisoma kwa sauti kadiri zilivyotoka. Mama mzima. Mtoto mzima. Msichana. Kaka alitoka uani akapiga kelele ya furaha, na kwa kuwa siku hizo kelele mtaani ilikuwa na maana moja tu, jirani wa ng'ambo alilala chini na nguo alizokuwa anaanika mikononi. Alipojua ni nini, aliinuka akimtukana kaka na kupiga vigelegele kwa pumzi moja.

Kisha kaka akaniondoa kwenye kiti. Aliandika jina mwenyewe, kwa vidole viwili, mkono mmoja ukifunika kioo nisione. Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilikuwa la mama mkwe wake, ambaye kila mtu upande ule alimwita Koko, limeandikwa na mwalimu kama lilivyotoka kinywani.

“Koko anakatala. Anasema jina si ya kuandika, jina baba anaisemaka na kinywa yake. Anasema hata mimi mwalimu naweza andika jina, niseme ni ya baba. Mutoto iko ndani.”

Nilimkasirikia yule mama sana. Nilizunguka sebule nikisema mtoto atakuwa kipofu mle ndani kwa ukaidi wa mtu mmoja. Lakini kadiri nilivyozunguka, hasira ilinipungukia, kwa sababu mimi mwenyewe nilijua watu wanavyokuja kwetu kutoka mbali kwa miguu kuzungumza na ndugu zao kwa foni. Hawakuja kupelekewa salamu. Walitaka kumsikia mtu wao akikohoa, waondoke. Fonisti humtambua mtu kabla ya kulipata neno lake, hata neno likizama.

Kaka alijaribu kwa mikro, salamu tu kwanza, jina bado. Mwalimu akaandika kwamba wanasikia mtu anasema, ila hawajui anasema nini. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikamwambia kaka alitamke jina kwa kinywa, na mimi niliandike papo hapo nyuma yake, Koko akiwa amekaa na mtoto mbele ya redio, ambayo mwalimu angeihamishia nyumbani kwao, naye mwalimu mbele ya kioo. Sikio lipate sauti, jicho lipate neno. Kaka aliona tatizo mara moja, kwamba nitalisikia mimi kabla ya mtoto. Tukauliza Mahagi, na Koko akajibu bila kuchelewa.

“Shangazi asikie tu. Shangazi iko baba mwanamuke.”

Kukabaki tatizo la pili, kubwa zaidi. Sauti isiyofika sawasawa Mahagi ilifika safi kabisa Kilo, Marabo na Mambasa, na masikio yote yale yangelipata jina mapema. Kesho yake asubuhi, batri ikiwa imejaa, nilishika mikro nikawaeleza wote jambo lenyewe, nikawaomba wazime foni zao kidogo. Nilitegemea ubishi. Mtu wa mbao alisema sawa, anazima. Mama wa maharagwe alisema anatoka uani na wajukuu wake. Mnunuzi wa Kilo aliuliza atajuaje wakati wa kurudi, nikamwambia ahesabu muda wa kunywa chai. Halafu masafa yakanyamaza. Sikuwahi kuyasikia yamenyamaza hivyo mchana, na mpaka leo naamini walizima kweli.

Kaka akasimama, akanyoosha shati kama mtu anayeingia mbele ya mama mkwe, akabonyeza mikro na kulitamka jina.

Lilikuwa jina la mama yetu. Tulimzika mwanzoni mwa vita, haraka, na watu wachache, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lake mle nyumbani, si kaka wala mimi. Nilikuwa na vidole kumi kwenye klavye na sikuweza kukisogeza hata kimoja.

“Andika, dada,” kaka aliniambia. “Koko na mwalimu beko nangoja.”

Nikaandika. Sikuona vizuri nilichokiandika, lakini vidole viliijua njia. Tukakaa tukikitazama kioo cheusi, kaka ameshika ukingo wa meza, mpaka herufi nyeupe zikaanza kutoka.

“Koko amesikia. Anasema ni sauti ya mukwe yake mwenyewe. Mutoto iko inje. Iko nafunga macho sababu ya jua.”

Kaka aliinamisha kichwa mezani, karibu na redio, akalia na kucheka, na sikujua nimbembeleze au nicheke naye, kwa hiyo nilifanya vyote. Tulikuwa bado hivyo mnunuzi wa Kilo aliporudi hewani, chai yake imekwisha, akauliza kama sasa wanaruhusiwa kusikia mtoto wetu anaitwa nani. Nyuma yake nikamsikia mama wa Marabo, kisha mtu wa mbao, wote wakingoja. Kaka alinisogezea mikro. Nikajifuta uso, nikabonyeza, nikalitamka jina la mama yangu.